Masisi: mtoto anasoma kila kitu, ila Masisi

Wenzetu vijana wa Goma, wa Sake, wa Bukavu, na wewe mwenye kusoma hii kwenye simu ukingoja umeme urudi,

Kila mwezi wa tisa tunaletewa picha zilezile. Mkubwa mmoja anapiga kengele, watoto wamevaa bulu na nyeupe, mtu anasema kwenye mikro kwamba masomo ni bure, kisha magari yanaondoka. Leo tunaacha kengele. Tunaongea juu ya kile mtoto anafundishwa kengele ikiisha kulia. Na tumechagua fasi moja ya kuangalia kwa karibu: vilima vya Masisi, kuanzia Lushebere mpaka Masisi-centre, na shule za msingi za Kikatoliki, hasa ile namna ya shule ya wavulana yenye wapadri walituachia.

Hatutaji shule moja kwa jina. Si kwa woga. Hatutaki direkta mmoja, mwenye kulipwa kidogo na kulala na hofu ya risasi, abebe peke yake mzigo wa nchi nzima.

Na kwanza tuseme ukweli, ili mtu asitukate kauli: bila Kanisa, wengi wetu tusingejua hata kuandika barua hii. Leta ilipopotea katika miaka ya 1990, wazazi na wapadri njo walishika shule mkononi. Wazazi wakaanza kumlipa mwalimu kutoka mfukoni mwao, ile tuliita primu, na primu ikakaa zaidi ya miaka 20 kama vile ni sheria ya Mungu. Mvulana aliyepita kwa wapadri alijua kuandika kwa mstari, kufika mapema, na kunyamaza mkubwa akiongea. Kwa mambo mawili ya kwanza, tunashukuru. Kwa lile la tatu tutarudi.

Historia yenyewe haikuanza jana. Tarehe 26 Mei 1906, Leta ya Leopold II ilitia sahihi mapatano na Roma. Kila misheni ya Kikatoliki ifungue shule kadiri inavyoweza. Leta itatoa ardhi yenye kulimika, hektari 100 mpaka 200 kwa kila misheni. Na programu? Kilimo, misitu, kazi za mikono, pamoja na lugha za Wabelgiji kama sehemu ya lazima. Isome tena polepole. Wakubwa wawili wanapatana juu ya mtoto, na wanalipana kwa ardhi. Mtoto hakuulizwa. Baba yake mwenye ardhi naye hakuulizwa.

Wavulana njo waliitwa kwanza, ju ukoloni ulihitaji makarani, makatekista, wasaidizi wa daktari na walimu wa vijijini. Wasichana walipoitwa walipelekwa kwa bamasera, kushona na kutunza nyumba. Ile njo mizizi ya neno "wavulana" kwenye kibao cha shule. Mobutu alizichukua shule za makanisa mwaka 1974, zikamshinda, akazirudisha kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977. Mapatano yale njo yanaongoza hata leo: Leta inatoa programu na mshahara, Kanisa linaendesha shule. Kwenye karatasi ni vizuri. Kwenye maisha, umekuwa mchezo wa kutupiana mpira. Uliza Kanisa kwa nini mwalimu halipwe, watakuonyesha Leta. Uliza Leta kwa nini mtoto anaombwa makuta, watakuonyesha Kanisa. Mzazi anabaki katikati na kuku yake mkononi, ya kuuza.

Sasa tuingie darasani.

Mvulana wa mwaka wa nne anashuka mlima asubuhi mapema, baridi ya Masisi unaijua. Mkononi kaye mbili na bic moja, na siku fulani kijiti cha ufagio au kidumu cha maji, ju shule haina maji. Bendera, wimbo wa taifa, sala, kisha kuonyesha kucha. Darasani wanakaa wanne au watano kwenye benchi ya watu wawili, na tangu masomo yatangazwe kuwa bure, benchi haikuongezeka lakini watoto waliongezeka. Mwalimu ana kitabu kimoja. Anakiandika kwenye tablo, watoto wanakiandika kwenye kaye, na kile kinaitwa somo. Mvua ya mawe ikianza kupiga mabati, hakuna tena mwenye kusikia mwingine, basi wote wanangoja. Kule juu mvua haina haya, inaweza kunyesha kila siku ya juma. Ukijumlisha saa zenye mabati yanakula katika mwaka mzima, utashangaa.

Programu ya taifa si mbaya sana, tuseme haki. Kuna Kifaransa, hesabu, mazingira, elimu ya uraia, kuchora, kuimba, mazoezi ya mwili, kazi za mikono. Kwenye shule ya wapadri kuna dini pia. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema wazi kwamba lugha za taifa na lugha za mahali ni lugha za kufundishia na pia ni masomo. Kwetu huku, lugha ile ni Kiswahili. Mtoto angepaswa kuanza kusoma na kuhesabu mu Kiswahili, kisha Kifaransa kiingie polepole. Fikiri faida yake huko Masisi: nyumba hii wanaongea Kihunde, ile ya jirani Kinyarwanda, na kwenye soko wote wanakutana mu Kiswahili. Ni lugha moja yenye haina kisasi na mtu. Lakini kitabu cha Kiswahili kiko wapi? Ukikuta mwalimu mwenye nacho, mpige picha. Basi mwalimu anafanya kile na yeye alifanyiwa. Mwaka wa kwanza unaanza kwa Kifaransa cha kukariri, watoto 70 wanaimba sentensi juu ya treni na ufukwe wa bahari. Hakuna hata mmoja aliyeona treni.

Wengi kati yetu tulivalishwa kitu shingoni wakati wa rekreasio, ju tulisema neno moja la nyumbani. Ulikivaa mpaka umkamate mwenzako akikosea, kisha unamvalisha yeye. Somo la kwanza la upelelezi tulilipata tukiwa na miaka minane! Leo tuna lisanse. Barua zetu za kuomba kazi ziko kwa Kifaransa safi kabisa, na hazijibiwe kwa lugha yoyote.

Wazee wanasema samaki mkunje angali mbichi. Sawa. Lakini tumuulize mwenye kukunja: unamkunja kuelekea wapi?

Ju kile kinatuuma zaidi kuliko benchi na mabati ni hiki. Mvulana wa Lushebere anamaliza miaka sita, anapita mtihani wa taifa, anapata sertifika, na katika miaka ile yote shule haikumwambia kitu juu ya fasi anayosimama. Masisi inalisha Goma: maziwa, viazi, maharagi, na jibini yenye wapadri Wabelgiji walileta ufundi wake, ile Kinshasa wanaikata vipande na kuiuza kwa bei ya wakubwa. Je, kuna somo moja la namna maziwa yanakuwa jibini? La namna ya kuzuia udongo usishuke mlima kila mvua? Kazi za mikono kwenye shule nyingi ni kufagia kiwanja na kukata majani kwa bwana mwalimu. Mwaka 1906 walau walisema wanataka mkulima. Leo hatusemi tunataka nani.

Na chini ya udongo ule kuna nini? Rubaya iko mu Masisi palepale. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima inatoka kule. Simu yenye uko nayo mkononi huenda ina kipande cha mlima ule. Mvulana mwenye kuacha shule mwaka wa tano anaingia kwenye shimo bila kujua jina la kile anachimba, bei yake inapangwa wapi, wala kwa nini mlima unamwangukia mvua ikinyesha. Hesabu ya mwaka wa tano ingeweza kumfundisha kilo moja inauzwa ngapi shimoni, ngapi Goma, ngapi nje ya nchi. Angejua kutoa na kugawanya kuliko sisi wote, na angejua nani anamwibia. Labda njo maana hesabu ile haifundishwe.

Kisha historia. Hapa tunaomba usiruke mistari.

Kuanzia mwaka 1937 mpaka 1955, Wabelgiji waliongoza mpango wa kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuzileta Masisi, kwanza Gishari, kupunguza msongamano kule na kupata wafanyakazi wa mashamba ya wazungu huku. Wenyeji waliona ardhi yao ikigawanywa bila wao. Waliohamishwa waliletwa bila kuelezwa watakuwa raia wa wapi. Mwenye kupanga mambo akarudi Bulaya 1960, akaacha watu wawili kwenye shamba moja bila karatasi. Sheria ya 1972 ikatoa uraia, sheria ya 1981 ikaunyang'anya. Tarehe 20 Machi 1993, kwenye soko la Ntoto, kule Walikale, watu wakaanza kuuawa, na moto ule ukaingia Masisi. Sisi hatukuwa tumezaliwa. Lakini tumekula matunda yake maisha yetu yote.

Ni mistari michache tu tumeandika hapo juu. Ingeweza kuwa somo la mwaka wa sita, wiki mbili, na ramani kwenye tablo. Na haiko. Mvulana anajua Stanley alipita wapi. Anajua mitume kumi na wawili kwa majina. Hajui kwa nini baba yake hasalimiane na baba wa mwenye kuketi naye kwenye benchi. Basi anaenda kuuliza nyumbani, na nyumbani anapewa nusu moja ya hadithi, ile ya maiti za kwao tu. Rafiki yake naye anapewa ile nusu nyingine. Kisha kuna mtu wa tatu mwenye kufundisha historia kwa bidii sana kule Masisi, bila kre na bila tablo: ni yule mwenye bunduki. Kila kikundi kina somo lake la historia, fupi, rahisi kukariri, na mwishoni mwa somo unapewa silaha. Vikundi vile vyote, vyenye kujiita vya ukombozi na vyenye kujiita vya wazalendo, vinatafuta mwanafunzi mmoja: mvulana, miaka 13, mwenye nguvu, mwenye kukasirika, mwenye kuzoea kutii.

Tulisema tutarudi kwa kunyamaza. Ni hapa. Shule yenye inamfundisha mvulana kwa miaka sita kwamba mtoto mwema haulize, inamtayarisha kwa komanda wake wa kwanza. Hatuseme wapadri walitaka vile. Tunasema njo inavyotokea. Utii bila ulizo ni mali yenye mtu yeyote anaweza kuichukua, na kule kwetu yenye kufika kwanza si parokia.

Maaskofu wa CENCO na wachungaji wa ECC wanazunguka tangu mwanzo wa 2025 na mapatano yao ya kijamii kwa ajili ya amani. Wamepanda ndege, wameonana na marais, wameongea na wenye silaha. Tunawaheshimu kwa hilo, na wanatukanwa na pande zote, kile ni dalili nzuri. Lakini baba zetu maaskofu, hamuhitaji visa ya mtu kwa kuingia mwaka wa sita. Shule ni zenu tangu 1977! Programu inaacha nafasi ya elimu ya uraia na ya dini. Kati ya "mpende jirani yako" na jina la jirani yule, kuna hatua moja yenye hamjapiga. Mukiandika kitabu kidogo cha kurasa 40 juu ya historia ya Masisi, Kihunde na Kinyarwanda wote wakisomea Kiswahili, mutakuwa mumefanya kazi ya mikutano mingi ya hoteli.

Kwa Leta tuko na maneno mafupi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure kwenye shule za umma, na shule hizi za makanisa zenye kuendeshwa kwa mapatano ziko ndani. Mulingoja mpaka mwezi wa tisa 2019 kuanza kuitimiza. Mwezi wa sita 2020 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 kusaidia. Mwaka 2021 waziri aliyekuwa na wizara ile, Willy Bakonga, alihukumiwa miaka 3 ya kifungo kwa kusafisha pesa. Na walimu wenye kuitwa N.U., wale wenye kufundisha bila kuingia kwenye listi ya mishahara, bado wako. Primu ya wazazi ilikatazwa, mshahara haukufika, basi mwalimu yule anakula nini? Anauza mikate saa ya rekreasio kwa wanafunzi wake. Au makuta yanarudi kwa jina lingine: makuta ya kre, ya mlinzi, ya karatasi za mtihani, ya ukumbusho wa mtakatifu. Mzazi wa Masisi-centre hajui kama anatoa sadaka au minervali.

Tena kwa wenye bunduki. Januari 2025 M23 iliingia Masisi-centre, na mwezi uleule Goma. Benki zikafungwa, mwalimu mwenye listi akaanza kuhangaika kama yule asiye na listi. Mwezi wa pili kambi za wakimbizi pembeni ya Goma zikavunjwa, familia nyingi zikaambiwa zirudi kwenye vilima, na hakuna mtu aliyeuliza kama shule bado ina mlango. Hatuchague kati ya anayelala darasani na sare hii na anayelala na sare ile. Darasa si kambi ya mtu. Benchi si kuni. Upande wowote mwenye kuchoma benchi kwa kupika maharagi yake, amechoma miaka sita ya mtoto, na jina lake tutaliandika.

Neno moja juu ya wasichana, ju wenzetu wa kike katika harakati walitukata masikio tulipowasomea andiko la kwanza la barua hii. Walisema: munalilia wavulana kana kwamba dada zao wanasoma mu Oxford! Ni haki yao. Kibao chenye neno "wavulana" kilikuwa na maana wakati misheni ilikuwa na bamasera ng'ambo ya barabara. Fasi yenye shule ya bamasera ilifungwa au ilichomwa, kibao kile kinamfungia msichana mlango kwa mila yenye hakuna mtu tena anaweza kuieleza. Kordinasio ya shule za Kikatoliki ya jimbo la Goma inaweza kubadilisha hilo kwa barua ya ukurasa mmoja. Hatuhitaji Kinshasa kwa hilo.

Sasa, kuna mtu ataandika chini hapa: "Nyinyi mashomeri, kazi yenu ni kulalamika tu." Tumezoea. Basi tunaweka mezani kile tuko nacho. Kati yetu kuna wenye lisanse ya historia, ya kilimo, ya dawa za mifugo, ya hesabu. Wanakaa Goma wakiuza krediti ya simu. Tukisikia njia ya Sake inapitika, kikundi cha watu watano wako tayari kupanda na kukaa miezi mitatu, kufundisha mchana, kisha ya masomo ya kawaida, vitu vinne tu: kusoma na kuandika Kiswahili, udongo na ng'ombe, hesabu ya kilo ya madini, na historia ya Masisi kutoka 1937. Bila mshahara. Tunaomba tu fasi ya kulala na sahani ya viazi. Hatuchukue nafasi ya mwalimu wa N.U.; atakaa nasi darasani, na kama anataka kutukosoa, atukosoe mbele ya watoto. Ni vizuri watoto waone watu wazima wanakosoana bila kupigana.

Wazazi wa Lushebere na wa pembeni: mwezi wa tisa mukiombwa makuta, ombeni karatasi yenye muhuri, tarehe na sababu ya makuta yale. Mukinyimwa karatasi, musilipe. Mukipewa, pigeni picha na mututumie, tutafuta jina la mtoto na la shule kabla ya kuionyesha kwa inspekta na kwa kordinasio. Mtoto akifukuzwa ju ya hilo, tuambieni siku ileile.

Na madirekta: barua ya kuomba ruhusa ya kutumia darasa saa za mchana iko tayari. Tumeiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu. Yeyote mwenye anaenda Masisi wiki hii na ana fasi kwenye mfuko wake, apite kutuona Goma, tumpe kopi kumi.